Chujio la Kariakoo

Chama chetu cha kufa na kuzikana pale Chang'ombe kina maturubai, viti vya plastiki, masufuria ya pilau yanayobebwa na watu wawili, na majamvi ya kukalia wafiwa. Vyote vimechangwa na vinakaa kwa mwenyekiti wetu, Mwajabu, kwenye chumba cha uani ambacho mwanawe alitaka kupangisha akakatazwa. Miaka nenda miaka rudi hivyo ndivyo tulivyoishi: tukikutana, tunanunua kitu cha kumzikia mtu.

Halafu ukaja ule wakati watu walikuwa wanakosa hewa. Nyie mnaukumbuka, hata kama wengine mmeamua kuusahau. Tulizika mpaka masufuria hayakupata muda wa kukauka. Ndipo nikasimama mkutanoni nikasema, jamani, sie tumekuwa hodari wa kusindikizana makaburini. Lini tutachangia mtu apumue?

Wakacheka. Mwajabu akasema, "Kaka Seba, umeanza mambo yako ya kiwandani."

"Nimeanza. Na wewe uliniona wapi nikianza jambo nikaliacha?"

"Ulianza kuacha sigara."

Walicheka tena, lakini walichanga. Tukanunua mashine ya oksijeni. Mtumba, ya kutoka Ulaya, ilishushwa bandarini pamoja na vitanda vya hospitali na magodoro yaliyochoka. Ukubwa wake kama kabati la kando ya kitanda, ina magurudumu na kioo kidogo cha maandishi juu. Unachomeka ukutani, inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inatoa oksijeni kwenye mrija unaoingia puani. Kazi yake ndiyo hiyo, na inaifanya kwa mngurumo wa friji kuukuu.

Tukaifanya kama sufuria. Kwenye nyumba yenye mgonjwa, inakwenda. Mgonjwa akipona inarudi kwa Mwajabu, asipopona inarudi pia, na maturubai yanatoka. Waliokuwa wanatoka kwetu kwenda kujenga mbali hawakuacha chama, kwa hiyo mashine ilifika Mbagala, ikavuka daraja hadi Kigamboni, ikapanda hadi vilima vya Madale. Ilirudi kila mara imefutwa vumbi.

Baadaye chujio lake likafa. Hili chujio ni kama mtungi mnene, ndani yake mna chembechembe zinazoshika hewa mbaya na kuachia nzuri. Wakala wa kampuni iliyotengeneza mashine akatuambia chujio halisi lipo, ila haliuzwi kwa mashine isiyosajiliwa kwa jina la mnunuzi, na kuisajili kwa jina letu haiwezekani kwa sababu sie si hospitali. Basi Isack akaingia Kariakoo. Isack ni fundi wa mafriji na viyoyozi, kibanda chake kiko nyuma ya viwanda, kijana wa Kipare asiyependa maneno. Akarudi na chujio la kichina. Feki, kama mnavyoita. Chembechembe zilezile, mtungi uleule, jina tu ndilo halikuwapo. Alilifunga, tukamwomba nesi wa zahanati aje na kile kipimo kinachobana kidole. Nesi akasoma, akasema, "Mbona iko vizuri kuliko ya kwetu?"

Chujio hilo lisilo na jina lilipumulisha watu. Liliwapumulisha watoto wa vichomi na bibi mmoja wa Tandika aliyekuwa ameshaagwa na padri. Mwishowe lilimpumulisha Mzee Revelian wa Madale, mstaafu wa bandari, ambaye madaktari walimrudisha nyumbani wakiwa wamemnong'oneza mkewe. Revelian akapona. Akaanza kutembea, akaanza na kugombana na majirani kuhusu mpaka.

Kwetu Chang'ombe mtu aliyekuwa anasubiri zamu yake ya ile mashine alikuwa Benedikto.

Benedikto ni Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago. Ukifuata mlio wa patasi kwenye mtaa wetu ulikuwa unamkuta chini ya bati lake, mweusi kwa vumbi la mpingo kuanzia nyusi hadi kucha. Vumbi hilohilo ndilo lililomtafuna. Mapafu yamekuwa magumu, walisema hospitali, mwili wake unahitaji oksijeni kutwa nzima, nendeni naye nyumbani mkatafute cha kumsaidia. Alikuwa anakaa kwenye kiti, amejishika magoti, mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu anayebeba maji. Mkewe, Yustina, alimpepea kwa ungo.

Mimi na Benedikto tumefahamiana tangu kiwanda cha nguo kinafanya kazi. Nilikuwa mtu wa mashine za kufuma. Gurudumu moja la meno likavunjika, na walioziunda zile mashine huko kwao wakasema spea inakuja na meli. Meli ikaja bila spea. Ikaja nyingine. Nikamwendea Benedikto na kipande kilichovunjika, nikamwambia, hebu nichongee hiki. Akakigeuza, akauliza, "Kinakula nini?" Nikasema kinakula gurudumu mwenzake. Akachonga la mpingo. Tulilipaka mafuta ya mawese tukalifunga, na ile mashine ikafuma kanga mpaka spea ya kweli ilipofika, tukaiweka kabatini kwa sababu ya mpingo ilikuwa haijachoka. Mashine haikumuuliza Benedikto cheti. Siku zile chuma kilikuwa chuma. Kikiingia kimeingia.

Walipokuja mabwana wa kukifunga kiwanda walisema mitambo yetu imepitwa na wakati. Nakumbuka tai zao. Nakumbuka walivyoipakia kwenye malori ya vyuma chakavu ikiwa bado ina joto. Watu wananiambia, Seba, hayo yamepita. Yamepita wapi? Mimi niko hapa hapa nayaangalia.

Mashine ililetwa asubuhi ya Jumamosi. Aliyeileta ni mkewe Revelian, Mama Kokuberwa, karani mstaafu, Mhaya asiyetoka nyumbani bila kupiga pasi. Aliteremka kwa Mwajabu na mkungu wa ndizi, dumu la asali, na mashine imefungwa kwenye kitambaa cha mezani kilichodariziwa. Ameisugua mpaka magurudumu. Ameibadilishia mrija, kaiwekea mpya.

Mnajua tabia yetu. Jirani akikuletea futari kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu. Hata kama huna kitu, utaweka limau. Mama Kokuberwa alilelewa hivyo, na sie pia.

"Halafu kaka Sebastian," akaniambia, macho yanamng'aa, "kuna kitu kimoja zaidi nimewawekea. Hii mashine ilikuwa inaomba. Kila asubuhi kwenye hiki kioo inaandika kuna toleo jipya, kuna toleo jipya. Nikasema masikini, huko inakopita hakuna aliyewahi kuisikiliza. Nikaiunganisha na intaneti yetu ya nyumbani. Imekaa usiku mzima inapakua. Sasa ni mpya kabisa, kama imetoka kiwandani leo."

"Umetutendea makubwa, dada Koku," nikasema.

"Nisingeweza kuirudisha vilevile. Imenirudishia mume wangu."

Akaondoka kuwahi foleni ya Mwenge. Sie tukaisukuma mashine hadi kwa Benedikto, mimi, Mwajabu na Isack, tukipishana na bodaboda na mama wa vitumbua aliyesema, "Hiyo imependeza, mnaipeleka harusini?"

Benedikto alituona mlangoni akanyanyua kidole. "Mngoni," akaniambia, akinitania kwa kabila langu kama kawaida yake, akavuta pumzi, "nilijua umeiuza."

"Nimekuja kukuuza na wewe. Kaa vizuri."

Yustina akamweka mrija puani. Isack akawasha. Mngurumo ukaanza, ule tunaoujua, na nikamwona rafiki yangu anafumba macho. Mabega yakashuka. Midomo, iliyokuwa na rangi ya majivu, ikaanza kurudi. Yustina akaweka ungo chini kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akaenda kubandika chai.

Maji hayajachemka, mashine ikalia. Mlio mkali, mmoja, usiokatika. Taa nyekundu. Mngurumo ukafa.

Isack akazima, akawasha. Ikanguruma kidogo, ikalia. Akachomoa, akasubiri, akachomeka. Ikalia. Akainama akasoma kioo, akasoma tena, na nilimwona shingo inavyomlegea.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Inasema kipuri hakitambuliki. Inasema tuwasiliane na wakala."

"Kipuri gani?"

"Chujio, mzee. Imelikataa chujio."

"Si jana lilikuwa linafanya kazi Madale?"

"Hata sasa linafanya kazi. Umeona hewa ilivyotoka." Alisema taratibu, kama anayemwambia mtu jambo la aibu la familia. "Zamani ilikuwa haiulizi. Hilo toleo jipya limekuja na swali. Kila chujio la kwao lina kidubwasha cha kujitaja jina. La kwetu halina cha kutaja."

Mwajabu akanitazama. Mimi nikamtazama yeye. Wote watatu tulikuwa tumesimama pale wakati Mama Kokuberwa anaeleza ile zawadi yake ya mwisho, na hakuna aliyetamka neno. Yustina alikuwa ameshaokota ungo.

Benedikto akacheka. Ndiyo, alicheka, halafu kikohozi kikamkamata. "Nipeni patasi," akasema kilipomwachia.

Isack akasema ipo njia. Chujio la zamani, lile halisi lililokufa, kile kidubwasha chake bado kipo. Tukilipata atakitoa, atakibandika kwenye hili la Kariakoo, mashine itasikia jina inalolitaka na hewa itatoka kwenye hili zima. Mwajabu akashika kichwa. Lile la zamani alishampa mnunuzi wa vyuma chakavu pamoja na sufuria lililotoboka.

Tukaenda. Mwajabu mbele, ameshika kanga kiunoni, Isack nyuma, mimi na goti langu. Vyuma chakavu vya mtaa wetu vinaishia kwenye uwanja mmoja karibu na reli, mlima wa mabati na injini. Mwenye uwanja, Rogers, alikuwa anakula mihogo.

"Mama, hapo ndani hata mimi siingiagi. Chukueni kofia."

"Kofia ya nini, wewe? Nioneshe ulikotupa mitungi."

"Mitungi si ile. Mingine imeshaenda tanuruni."

Mwajabu alipanda ule mlima kwa ndala. Ninamsema sana Mwajabu kwenye mikutano, naye ananisema, lakini siku ile alifukua mabati kwa mikono mitupu mpaka kanga ikachanika. Akaliona yeye. Limepondeka ubavu, lakini kile kidubwasha kimeng'ang'ania chini yake kama kupe. Mwajabu alipiga kigelegele pale juu ya vyuma. Rogers akapiga makofi na mhogo mkononi.

Tukarudi mbio. Benedikto alikuwa ameinamia mto, na kila pumzi ilikuwa inakwaruza. Isack aliyeyusha risasi ya kuunganishia, akafanya ile kazi yake. Akawasha.

Mngurumo. Tukangoja. Mngurumo ukaendelea. Yustina akaanza kusema Salamu Maria kwa sauti.

Mlio.

Isack akasoma kioo. Akakifuta kwa kidole, akasoma tena.

"Imelitambua," akasema. "Imesema ni la kwao. Ila imesema muda wake wa kufanya kazi umekwisha. Inataka jipya."

Nimeishi sana. Nimeona orodha ya waliofukuzwa kazi ikimtaja aliye hai na kumwacha marehemu kwenye mishahara. Lakini hiyo sikuwahi kuiona: maiti inakubaliwa kwa sababu ina jina, halafu inakataliwa kwa sababu ni maiti, na mzima yuko pale pale anatoa hewa, hatakiwi.

Tukampakia Benedikto kwenye Probox ya jirani tukampeleka hospitali. Walimpokea, na sitawasema vibaya. Walikuwa na mitungi michache na vifua vingi. Wakamweka kwenye benchi, mrija mmoja akishirikiana na mwanamume mwingine, kwa zamu, kama watu wanaovuta kiko kimoja.

Jumatatu nikaenda kwa wakala. Ofisi iko upande wa Kinondoni, vioo vitupu, kiyoyozi kinachokuuma meno. Binti wa mapokezi aliitwa Jenipher, jina lilikuwa kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja mnifungulie mashine yangu."

Nikamweleza. Akaandika namba ya mashine kwenye kompyuta, akasoma.

"Mzee, mashine yako haijaharibika. Imejifunga."

"Nani kaifunga?"

"Mfumo."

"Mfumo anakaa wapi nimfuate?"

Kijana wa meza ya pili akacheka. Jenipher hakucheka. "Ni kwa usalama wa mgonjwa, mzee. Chujio lisilothibitishwa linaweza kumdhuru."

"Lilimponya mtu Madale. Limemdhuru wa Chang'ombe lilipozimwa. Nionyeshe ni usalama wa nani."

"Nakuelewa, mzee wangu."

"Usinielewe. Irudishe ilivyokuwa."

"Sina uwezo huo. Ufunguo uko kwao huko. Mie naona tu kinachooneshwa hapa." Akanigeuzia kompyuta. Palikuwa na jina la hospitali ya mji ambao siwezi hata kuutamka, mji wa theluji. "Mwenye mashine ni hawa. Wao wakituma maombi, inaweza kufikiriwa."

"Hao waliitupa! Mwenye mashine ni sie. Tumeichangia, mwenyekiti wetu yupo, wanachama wapo."

"Kwenye mfumo, mzee, nyie hampo."

Alisema kwa upole. Ndiyo maana sikuweza kupindua meza yake. Nilikuwa nimekwenda na maneno ya kumwaga mtaa mzima, nikakuta nimewekewa mtoto wa watu mwenye adabu, na wenyewe wako mbali kiasi kwamba hata laana haifiki. Zamani walikuja na tai, ukaweza kuwarushia kiatu.

Nilipogeuka kuondoka akaniuliza kwa sauti ndogo, "Lakini mzee, hii ingebaki bila intaneti isingejifunga. Nani aliiunganisha?"

Nikasema sijui.

Benedikto nilimkuta kwenye lile benchi, zamu yake ya mrija ilikuwa imepita. Nikamwambia nimeshindwa. Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa bado kigumu kama kisigino, sugu za patasi hazikujua kwamba mwenyewe anakwenda.

"Seba," akasema, kila neno likisubiri mwenzake. "Lile gurudumu. La kiwandani. Liliishia wapi?"

"Walilichukua na mashine. Kwenye malori."

"Walijua ni mti?"

"Hawakujua."

Akatabasamu. Alifariki kesho yake asubuhi, zamu ya mwenzake.

Maturubai yakatoka kwa Mwajabu. Viti vikatoka, masufuria yakatoka. Mimi ndiye huwa natoa neno la chama msibani, na safari hii nilikuwa nimelipanga. Nilitaka kuitaja ile kampuni kwa jina lake, mbele ya padri na mjumbe na kila mwenye masikio. Nilitaka kusema kwamba mtu anaweza kukuuzia kitu, mwingine akakitupa, wewe ukakiokota na kukiponya, halafu wa kwanza akarudi kupitia hewani akakiua mikononi mwako, akaita usalama. Nilitaka watu watoke pale na hasira.

Nilipokuwa nasimama nikamwona Mama Kokuberwa. Amevaa kitenge cha msiba, amekunja mikono ya blauzi, anaosha sahani na kina mama wengine kwenye karai. Alikuja na Revelian, mzima, amekaa mstari wa mbele. Akafuta mikono akanisogelea.

"Pole sana kaka Sebastian. Nilikuwa nataka kuuliza. Ile mashine, ilimsaidia hata kidogo?"

Isack alikuwa nyuma yake, ameshika kiti. Akaacha kukikunjua.

Ningetamka sentensi moja tu kuhusu namna ile mashine ilivyozimika, mtaa mzima ungeuliza kile alichouliza Jenipher. Na jibu lisingekuwa kampuni. Kampuni haina uso. Jibu lingekuwa huyu hapa, mwenye povu viganjani.

"Ilimsaidia sana, dada Koku," nikasema. "Alipumua vizuri."

"Ahaa. Nilimwambia Revelian. Nilimwambia, kule kuisasisha hakukuwa bure." Machozi yakamlenga, akarudi kwenye karai.

Nikasimama, nikasema marehemu alikuwa mtu wa watu, nikasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mwajabu alinitazama mpaka nikakaa.

Mkutano wa chama uliofuata ulifanyika palepale uani kwake. Mashine ilikuwa chumbani, imewekewa majamvi juu. Mwajabu akauliza kama kuna mwenye wazo juu ya mchango wa mwaka, akanisubiri mimi. Wote walinisubiri. Kuku wakapita katikati yetu.

Mtu mmoja akasema maturubai yameanza kuvuja. Mwajabu akasema wanaoafiki tununue mapya wanyooshe mikono.

Mkono wangu nao ulikuwa juu.